Mpishi wa Mavuno ya Septemba

Mnamo Februari ya mwaka wa sitini na mbili, baada ya mvua iliyokata barabara na kuzoa madaraja, mahindi yalisimama marefu kuliko watu katika mashamba yote ya juu ya Kambu. Kavindu alikuwa na umri wa miaka tisa. Mama yake, Mbula, alimkabidhi mchi uliomzidi kimo, akamwonyesha namna ya kukoboa muthokoi: mahindi huloweshwa kidogo tu, hutwangwa hadi ganda liachane na punje, kisha hupepetwa. Kavindu aliniambia kwamba mikono ilimtoka malengelenge, na kwamba hakumbuki msimu mwingine maishani mwake alipolala akiwa ameshiba kiasi kile.

Kanisa letu, hata hivyo, halikusherehekea mavuno mwezi wa Februari. Wamishenari waliolijenga walitoka katika nchi ambako nafaka huvunwa Septemba, majani ya miti yanapogeuka rangi, nao walituachia kalenda yao pamoja na nyimbo zao. Kwa hiyo Jumapili ya Mavuno kwetu huangukia wakati ardhi imepasuka, mbuzi wanatafuna makaratasi, na ghala zimebaki na masalio ya miezi saba. Nilikuwa karani wa kanisa kwa miaka ishirini na sita, wala sikuwahi kulileta jambo hilo mbele ya kikao.

Desturi ni kwamba kila nyumba huleta nafaka ya ghala lake, na chakula cha siku hiyo hupikwa kwa nafaka hiyo tu. Cha kununua hakiruhusiwi. Chakula chenyewe ni muthokoi na maharagwe. Kavindu alipokabidhiwa vyungu, mwaka wa tisini na moja, alikuta kwamba miaka mingi mahindi hayatoshi, naye akaanza kubuni. Alikoboa mtama kama mahindi, akauchanganya na mbaazi na kuupikia ndani ya malenge zima. Aliponda ndengu, akazioka katika sufuria yenye makaa juu ya kifuniko, ukatoka mkate mweusi uliokatika vizuri kwa uzi.

Vijana, waliomwita Susu, yaani bibi, walimtania. “Susu, leo ni muthokoi au ni mtihani?”

“Kula kwanza,” aliwajibu. “Majibu utayapata tumboni.”

Mwaka wa elfu mbili na nne alimzika Wayua, binti yake wa pekee. Mwaka huo mahindi yenye kuvu yaliua watu wengi katika nchi yetu, na yale aliyokula Wayua yalikuwa yamepikwa na mama yake. Macho yalimgeuka manjano siku ya Jumatatu. Ijumaa hakuwapo. Watu waliendelea kumwita Kavindu Mama Wayua, kwa kuwa hawakuwa na jina lingine la kumwitia.

Sasa nifike Septemba ya mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili. Mvua ilikuwa imetukosa misimu minne. Mzee Kyule, mzee wa kanisa, alileta gunia zima la mahindi, na mchungaji akalisifu madhabahuni wiki moja kabla ya sikukuu. Jumamosi asubuhi Kavindu alilifungua ili akoboe. Punje zilikuwa na vumbi la kijani, na harufu yake aliijua. Alifunika gunia, akaenda nyumbani kwa Kyule peke yake.

“Mzee, mahindi yako yameingia kuvu.”

“Kuvu kidogo haiui mtu, Mama Wayua. Koboa, uoshe mara tatu.”

“Ya Wayua niliosha mara nne.”

Kyule akasema, “Mchungaji alishalitaja mbele ya watu. Sasa wajue Kyule amemletea Mungu kitu kilichooza?”

“Kwangu hawatajua.”

“Na ukiulizwa?”

“Nitaulizwa mimi.”

Alirudi kanisani, akayamwaga mahindi yote ya gunia katika shimo la choo, ili mbuzi wala maskini asiyapate. Kisha alikwenda kwake na kuchukua mtama aliokuwa ameuweka kwa mbegu ya Oktoba. Siku nzima aliukoboa, na Jumapili tukala mtama katika malenge.

Kaluki, mwenyekiti wa akina mama, alimfuata jikoni.

“Mama Wayua, gunia la Mzee Kyule liko wapi?”

“Halikupikwa.”

“Hilo tunaliona. Nauliza liko wapi.”

“Halipo.”

Mama mmoja nyuma yake akasema, “Limeota miguu, likaenda soko la Kambu,” na wengine wakacheka. Kyule alikuwa benchi la mbele, kati ya waliokuwa wakila. Alikula matonge mawili, akaendelea kutazama sahani.

Wiki mbili baadaye kikao kiliamua kumpumzisha Kavindu. Barua niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri, nikimshukuru kwa huduma yake. Mvua ilipokuja Novemba, hakuwa na mtama wa kupanda.

Machi iliyofuata Kyule aliugua, akaniita, akanieleza yote niliyoyaandika hapo juu kuhusu gunia. Aliniomba niyaseme kanisani, kwa kuwa yeye hakuthubutu. Akafa. Nilikwenda kwa Kavindu kumwambia kwamba jina lake litasafishwa.

“Hapana, karani,” alisema. “Nilimwahidi. Ana wajukuu katika kwaya. Ukitaka kusema, ngoja nizikwe.”

Nilijaribu mara ya pili, mwezi wa Juni. Alinipa uji, akazungumza habari za nyuki.

Alifariki nyumbani kwake tarehe kumi na tisa Oktoba, mwaka wa elfu mbili ishirini na tatu, kabla ya mvua. Nilisema kaburini niliyopaswa kusema, na Kaluki akatoka katikati ya watu, akaenda kusimama peke yake kando ya ua.

Kaluki ndiye aliyenisimulia habari ya mwisho tunayoijua. Jumamosi ya kabla ya sikukuu, mwezi mmoja tu kabla ya kufa, Kavindu alifika jikoni mwa kanisa bila kuitwa. Akasema, “Kaluki, simama hapa karibu nami, asiwepo wa kusema nimechukua kitu.” Magunia na mifuko ilikuwa kumi na mmoja. Alitia mkono katika kila mmoja hadi kiwiko, akanusa kiganja. Miwili aliifunga mdomo kwa ukanda mweusi wa mpira.

“Hii msipike,” alisema. “Wala msiulize ni ya nani.”

Kaluki hakuipika. Kavindu alinawa mikono, akaenda nyumbani.