Mluzi wa Seremala

Nilipelekwa Ngenge kufundisha watu wazima kusoma, na nilikwenda nikinuna. Nyumbani kwetu Nshamba kuna baridi ya asubuhi, migomba inaficha nyumba ya jirani, na mtu akikohoa kwenye kibanja cha pili unajua ni nani. Ngenge ni bondeni. Jua linashuka bila kizuizi, nyasi ni ndefu, na sauti husafiri mbali kuliko inavyostahili. Wiki za kwanza nilikuwa nageuka kumtafuta mtu aliyesema karibu yangu, kumbe yuko ng'ambo ya shamba la pamoja, ameinamia jembe lake.

Kijiji kilikuwa kipya, cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama vitanda vya hospitali. Nusu ya watu walikuwa Wahaya walioishiwa ardhi huko vilimani. Nusu nyingine walikuwa wakimbizi wa Burundi, walioletwa kwa lori wakiwa na mabuli, mikeka na watoto wachache mno. Hilo la watoto ndilo lililonishtua kwanza. Watu wazima wengi vile, na mchana kijiji kimya.

Mama yangu ni Mhangaza wa Ngara, na Kihangaza na Kirundi ni kama ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo ualimu wangu uligeuka haraka kuwa ukalimani. Mkimbizi akiumwa, naitwa. Akigombana na jirani kuhusu mpaka wa mihogo, naitwa. Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama kando ya mwenyekiti nikigeuza maneno huku na huku. Nakumbuka mkutano mmoja ambapo mzee wa Kirundi aliuliza kwa nini jeshi letu halivuki mpaka kuzuia mauaji, maana yalikuwa bado yanaendelea. Mwenyekiti alijibu kwamba kila nchi ina mipaka yake na wenyewe, na kwamba sisi tumekwisha kusaidia kwa kuwapa ardhi. Nililigeuza jibu lile kwa Kirundi nikaona aibu, utadhani nimelitunga mimi. Siku hiyo niliapa moyoni kwamba mimi, nikipata nafasi, sitakaa kimya.

Katika darasa langu alikuwamo mama mmoja wa miaka kama thelathini na mitano, mrefu, mwenye kovu jembamba kutoka sikioni hadi shingoni. Alikuwa ameondoka kwao peke yake. Mume na wanawe wawili wa kiume walibaki huko, wamekufa. Alijua kuandika jina lake kabla ya wote, akaniambia kwa utaratibu kwamba anataka kuandika majina mengine mawili, nimwonyeshe. Nikamwonyesha. Tangu hapo kila ukurasa wa daftari lake ulianza na majina hayo kabla ya somo.

Seremala alikuja na lori la pili. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili. Kijiji kilimpokea kama mvua, maana darasa letu halikuwa na dawati hata moja. Alijengewa kibanda cha nyasi nyuma ya darasa, na toka asubuhi tulisikia msumeno, kisha randa, na pamoja na randa, mluzi.

Ulikuwa wimbo mfupi wa sauti nne au tano. Ulipanda, ukakaa juu, ukashuka nusu, halafu ukakatika pale ambapo sikio lilitegemea uendelee. Alikuwa anapiga mluzi kama mtu anayefikiria kazi, bila kujisikia. Mimi niliupenda. Siku ya kwanza aliyoupiga, nilikuwa naandika ubaoni, na nyuma yangu darasa zima lilinyamaza. Nilipogeuka, wakimbizi wote walikuwa wakimtazama yule mama. Naye alikuwa ameshika kalamu juu ya daftari bila kuiteremsha, macho makavu, kana kwamba anasikiliza mtu anamwita kwa mbali na hana hakika kama aitike.

Nilidhani hatarudi tena. Alirudi. Kesho yake alihama kutoka mlangoni akakaa nyuma kabisa, mgongo umegusa ukuta wa matete uliotutenga na kibanda cha seremala. Akawa anakaa hapo kila siku.

Baada ya wiki nzima nilimfuata shambani nikamwuliza. Alinieleza huku akipalilia, bila kupandisha sauti. Siku walipokuja vijana wenye mapanga kwenye mlima walikoishi, yeye alijificha kwenye mafunjo, maji yakimfika kifuani. Wanawe walikuwa wamejificha upande wa juu, kwenye mtama. Wale vijana walitembea na mtu wa mlima huohuo aliyezijua njia zote. Yeye mama hakumwona mtu huyo. Alisikia mluzi wake ukipita juu ya mtama, ukikaribia, ukikatika, ukianza tena. Kisha akasikia mengine.

"Ni huyu?" nilimwuliza.

"Ni huyu. Tulikuwa tunachota maji kisima kimoja. Mkewe alikuwa wa kabila langu, na naye walimwua baadaye. Ndiyo maana akakimbia."

Nikamwambia basi tukaseme. Akaweka jembe chini.

"Mwalimu, usiseme kwa mtu yeyote. Yule ndiye pekee aliyebaki anayejua walipowalaza wanangu. Na nataka kumwuliza jambo moja. Alikuwa akipiga mluzi kwa sababu amefurahi, au alikuwa akituambia kwamba wanakuja, tukimbie? Nakaa pale ukutani nasikiliza nijue. Nikishajua nitamwuliza. Niache."

Nilimwahidi. Ahadi hiyo niliishika siku kumi na mbili.

Mchana mmoja ikaja gari ya shirika la kigeni lililokuwa likihudumia wakimbizi. Alishuka bwana mmoja wa Kizungu, mwembamba, mwenye adabu, anayejua Kiswahili cha kujifunza kitabuni. Alikuwa akiwahoji watu mmoja mmoja na mimi nikitafsiri. Alipomaliza, alibaki nami peke yangu darasani akaniuliza kama kuna yeyote kijijini ambaye wengine wanamwogopa. Nyuma ya ukuta, randa ilikuwa ikienda, na mluzi ukapanda, ukakaa juu, ukashuka nusu, ukakatika. Nikakumbuka jibu la mwenyekiti. Nikasema yote, na aliponipa karatasi nikayaandika na kutia sahihi.

Walimchukua keshoye saa sita mchana, wakati ambapo Ngenge hakuna kivuli cha mtu. Seremala hakuuliza kitu. Alifuta randa kwa kitambaa, akafagia maranda yote hadi nje, akaweka dawati alilokuwa akilitengeneza upande, miguu mitatu tayari, wa nne bado. Ndipo akapanda gari. Yule mama alikuwa akitoka kisimani. Aliona gari, akaelewa, akatupa ndoo akaanza kukimbia. Alikimbia nyuma ya vumbi mpaka barabara ilipokata kona, na wote tulisimama tukimwangalia, Wahaya wakidhani anamlaani mtu yule. Mimi na wakimbizi, tuliosikia Kirundi chake, tulijua anamwomba asimame.

Aliporudi, magoti yakiwa yamechubuka, alinipita bila kunitazama. Jioni alikuja mlangoni kwangu. Alisema, "Ulikuwa unanisaidia," akaondoka. Hadi leo sijui kama lilikuwa swali.

Kilichofuata si rahisi kukieleza kwa mtu ambaye hakuwapo. Seremala ameondoka, kibanda kimebaki na harufu ya mbao, lakini mluzi haukuondoka. Watoto walikuwa wameushika. Watoto wa Kihaya waliochunga mbuzi kule nyasini, ambao hawakujua habari yoyote, waliupiga kama walivyousikia, sauti kwa sauti, pamoja na pale unapokatika. Mmoja anaanza upande wa mto, mwingine anamjibu upande wa mihogo. Kwa kuwa nyasi zilikuwa ndefu, hukuona mtoto. Ulisikia mluzi tu ukitembea juu ya nyasi, ukikaribia, ukihama. Nilimwona yule mama katikati ya shamba la pamoja, amesimama wima na jembe mkononi, akigeuka polepole kuelekea kila ulipotokea. Wakimbizi wenzake waliacha kulima wakainama chini. Sikuweza kuwakataza watoto bila kuwaeleza, na ningewaelezaje? Nilijaribu kuwafundisha nyimbo nyingine. Walizijifunza zote, na ule hawakuuacha.

Ndipo nikaomba ruhusa nikaenda Bukoba. Nilikesha njiani kwa sababu lori liliharibika, nikafika ofisini kwa yule bwana nguo zikiwa na vumbi. Nilimwambia nataka kuifuta taarifa yangu, seremala arudishwe, au mama apewe kibali aende alikopelekwa. Wakati ule mkimbizi hakutembea bila kibali. Alinipa chai, akafungua faili, akaniambia seremala yuko kwenye makazi mengine mbali kusini, na kwamba kanuni haimruhusu kumweka mhanga mahali pamoja na anayeshutumiwa. Kanuni hiyo ilikuwa kwa usalama wa yule mama.

Nilimwambia hakutuuliza anachotaka yule mama. Akatazama ziwa dirishani. Kisha akasema, safari hii kwa Kiingereza, taratibu, ili nisipitwe na neno:

"Wakati watu hawa wanauawa, sisi tulikuwa na ofisi katika mji wao. Tuliandika barua. Tuliambiwa ni mambo ya ndani ya nchi ya watu, tusiingilie, nasi hatukuingilia. Nilisikia malori yakipita. Sasa nimeingilia jambo moja, la mtu mmoja, na wewe umesafiri kuja kuniambia nimekosea. Nifundishe, mwalimu. Niingilie lini?"

Nilitaka kumwambia amwulize mwenye msiba, lakini nikakumbuka kwamba mwenye msiba nilikuwa nimemwuliza mimi, akaniambia, na sikumsikiliza. Nikanywa chai yake. Nilipoweka kikombe chini, aliandika kibali kwa mkono wake, cha mtu mmoja, cha miezi sita, akagonga mhuri. Alisema akiulizwa atasema alikosea kujaza. Nadhani hiyo ilikuwa hatari kwake, na sikumshukuru kama ilivyopasa.

Yule mama aliondoka wiki hiyo. Alikaa huko miezi mitano. Aliporudi alikuwa amekonda, lakini alikuja moja kwa moja darasani, akangoja nimalize somo, akanieleza wakati watu wametoka.

Alimkuta seremala akitengeneza milango ya zahanati. Seremala hakukimbia. Alimpa kigoda. Alipomwuliza kuhusu watoto, alichora ardhini kwa kidole: kijito, mti wa mvumu, jiwe jeupe, na hatua ngapi kutoka jiweni. Alisema aliwafunika yeye mwenyewe, baada ya vijana kwenda mbele, na kwamba walikuwa wamelazwa ubavu, wakitazamana. Yule mama alininakilia mchoro ule katika daftari lake, na ulikuwa safi, bila mstari wa ziada.

"Na mluzi?" niliuliza.

"Nilimwuliza. Akanitazama sana. Akaniambia hajui kupiga mluzi, hajawahi kujua tangu utotoni. Akajaribu mbele yangu. Ilitoka pumzi tu."

Dawati la miguu mitatu lilikuwa bado limeegemezwa kwenye ukuta nyuma yake. Nilitaka kumwambia kwamba sote tulimsikia, darasa zima, kwamba watoto walijifunza kwake. Hakuhitaji kuambiwa. Nilimwuliza kama alidhani anadanganya.

"Hapana," alisema. "Hilo ndilo lililonitisha."

Hakulizungumza tena. Aliendelea na darasa, akafaulu mtihani wa kusoma, akalima mihogo yake vizuri kuliko Wahaya wengi. Watoto walikua, wakaingiwa na nyimbo za redio. Mimi nilikaa Ngenge mwaka mwingine mmoja.

Kabla sijahamishiwa Muleba mjini, zilikuja habari kwamba upande wa pili kumetulia na kwamba wanaotaka kurudi wanaweza. Wazee wa wakimbizi hawakuamini, wakakataza watu. Mwenyekiti alisema ni uamuzi wa kila mtu. Yule mama alinijia akasema atakwenda mihogo ikishavunwa, aone jiwe jeupe. Nilijua hatari yake, na alijua kwamba naijua. Ningeweza kwenda kwa mwenyekiti. Ningeweza kuandika Bukoba, na safari hii wangemzuia, maana kibali cha kuvuka kilipitia ofisi ileile. Siku tatu nilizunguka na karatasi mfukoni, haijaandikwa neno.

Mihogo ilivunwa. Asubuhi ya safari nilimsaidia kufunga mzigo, nikambebea mkeka hadi barabarani. Tulisubiri lori tukizungumza habari za mbegu. Akaniaga kwa amahoro, salamu yao ya amani, kwa mikono miwili, akapanda.

Hakurudi, wala hakuna aliyeniletea habari zake.