Nesi Aliyemnyoa Mke wa Kinyozi

Nilimchukia yule nesi kabla sijauona uso wake, na sioni sababu ya kuficha. Siku ya kwanza mke wangu alipoanza matibabu ya saratani ya titi, nilimfikisha mpaka mlango wa wodi ya dripu. Hapo nikakuta mwanamume mrefu, kofia ya kitambaa mpaka kwenye nyusi, barakoa mpaka chini ya macho. Alinisalimia kwa kichwa tu. Msindikizaji anaruhusiwa mmoja, na mke wangu akamchagua dada yake. Mimi, mume wa ndoa, nikabaki kwenye benchi la nje kama mzigo uliozidi kilo.

Nikajikaza kisabuni. Jioni nikauliza mambo yalikwendaje, nikitegemea kusikia habari za sindano, kumbe nitasikia habari za nesi. Nesi alimwekea taulo la uvuguvugu mkononi mpaka mshipa ukajitokeza wenyewe, akachoma mara moja tu. Nesi alimpa vipande vya barafu amung'unye dawa ikiingia, asije akatoka vidonda mdomoni. Nesi alivuta kiti akakaa, hakuongea naye kwa kumsimamia kichwani. Na machozi yalipomtoka, nesi hakumwambia anyamaze. Shemeji yangu naye anatikisa kichwa kwa kila neno, kwamba ni kweli tupu. Mimi nakata kucha.

Kesho yake simu ikalia, nesi anataka kujua kama homa imepanda. Mke wangu akaenda kuongelea chumbani. Wiki hiyohiyo chakula kikamgeuka, kila kitu kina ladha ya chuma. Nilibadilisha mapishi mara tatu, jasho likanitoka jikoni, wapi. Nesi akasema neno moja kwenye simu, tumia kijiko cha mbao, na mgonjwa akamaliza sahani. Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilikisugua kile kijiko mpaka mpini ukapasuka, nikaenda kununua kingine. Wivu ni kidonda, wanasema, ukishiriki utakonda. Mimi nilikonda kumshinda mgonjwa.

Wiki ya tatu nywele zikaanza kutoka. Hapo nikajua zamu yangu imefika. Mimi ni kinyozi, miaka ishirini na sita kazini, na nywele za mke wangu ndizo ninazozipunguza ncha tangu tuoane, yeye juu ya stuli sebuleni, mimi nyuma yake na mkasi. Barafu sina, dripu siijui, lakini kichwa ni changu. Nikamwambia aje dukani nimnyoe vizuri kwenye kiti changu, mbele ya kile kioo kikubwa. Akakusanya nywele zilizobaki kwenye mto, akazifunga kwenye karatasi.

"Tutaona, baba watoto."

Tutaona ya mke wangu naijua. Maana yake ni hapana.

Siku zilezile nilikuwa nimepata mteja mpya, tukampa jina la Mdadisi. Alikuja mara mbili, akanyolewa kidogo na kuuliza sana. Mtu mwenye ngozi laini, ambaye hatakiwi kupata hata mkwaruzo, anyolewe vipi? Nilimwambia wembe asiuguse kabisa, atumie mashine. Aanzie kisogoni, asianzie mbele, ili mwenye kichwa auzoee mlio kabla haujafika masikioni. Ngozi aivute kwa vidole viwili, na asimshike mtu kichwa kama anachagua nazi. Mwisho nikamfunulia ambalo sijawahi kumwambia mwanafunzi yeyote: ukimaliza, weka kiganja utosini, vuta pumzi tatu taratibu, ndipo upanguse. Mtu akishanyolewa anajihisi yuko uchi. Hicho kiganja kinamvika.

Alisikiliza vizuri mno, nikampenda. Nikamsimulia mpaka ya nyumbani, kwamba kuna nesi mmoja ameniingilia ndoa kwa mataulo na vijiko, na siku nikimpata kwenye kiti hiki nitamtengeneza. Mdadisi akakohoa, akauliza kama wikiendi tunafungua.

Basi Jumatano ya dripu ya pili, saa tano asubuhi, nina mteja kichwa nusu, shemeji yangu akaingia dukani akihema. Alitoka wodini kununua maji, na duka langu liko ng'ambo ya hospitali, akaona anipitie. Akaniomba nisikasirike, nami nikajua nitakasirika.

"Shemeji, amenyolewa. Nesi ndiye aliyemnyoa. Yeye mwenyewe aliomba."

Shemeji, badala ya kuishia hapo, akaendelea. Nesi alifunika kioo cha ukutani kwa shuka. Nesi alimnyoa polepole, na alipomaliza akaweka kiganja chake utosini pa mke wangu, wakakaa hivyo. Mteja wangu mmoja, asiye na haya, akasema kinyozi hajinyoi, sawa, lakini hata mkewe? Mwingine akamjibu kwamba ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji.

Kiganja! Utosini! Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo ajiulize nesi kakitoa wapi kiganja hicho. Wivu haukunipa nafasi. Nilitoka na aproni yangu, mashine ya betri mkononi, yule mteja nikamwacha na kichwa nusu, nikavuka barabara bila kutazama. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: kama hata kichwa chake hanipi, basi mimi ni nani kwake? Ameshaniacha, bado kunitamkia.

Mlinzi wa wodi alinisimamisha, nikampita. Nesi alikuwa ameinama kwenye dripu, ananipa mgongo. Nikamwambia ageuke anitazame kiume. Akageuka, akanitazama juu mpaka chini, macho yakatua kwenye mashine. Akanisogeza pembeni ya pazia, akashusha barakoa.

Alikuwa Mdadisi.

Akanipa pole. Akasema siri ya mgonjwa si yake kuitoa, na mgonjwa ndiye aliyemtuma. Alikuwa amemwambia: kama utaninyoa wewe, nenda kwanza dukani kwa mume wangu ukajifunze, usirudi mpaka ujue. Kisha akanielekeza kwenye sinki, akasema ninawe mpaka kwenye viwiko, hapa si dukani.

Nilinawa. Nikasimama nyuma ya kiti cha mke wangu, kichwa chake amekifunga kitambaa. Hakugeuka. Alijua hatua zangu.

"Kwa nini yeye?" nikauliza.

"Kwenye kioo chako ningekuona usoni," akasema. "Nilitaka mkono wako. Macho yako nisingeyaweza."

Miaka ishirini na sita nawaambia watu wasitikisike, na pale mimi ndiye niliyetikisika. Alijua ningelia. Kweli, ningelia, na yeye angeanza kunibembeleza mimi, nywele zake zikiwa sakafuni. Nilimwambia wivu ulinitia wazimu. Akasema anajua, dada yake hana breki mdomoni, ndiyo maana alimtuma maji, ili anifikie.

Halafu akafungua kitambaa. Sikujua nitazame au nisitazame, nikatazama. Ilikuwa kazi safi, kisogo kimeenda sawasawa, hakuna mkwaruzo, na nitakiri kwa shingo upande kwamba mwanafunzi alisikiliza. Ila nyuma ya sikio la kushoto kulibaki kishungi cha nywele, kama upana wa vidole viwili. Moyo wangu ukafurahi kishetani. Nikamgeukia nesi, nikamwambia hapa, bwana, umefeli.

"Hajafeli," mke wangu akasema. "Hapo nilimwambia akuachie."

Nesi akaichukua mashine mkononi mwangu, akaipangusa meno kwa spiriti, akanirudishia. Kisha akavuta kiti, akakisogeza nyuma ya mke wangu, na safari hii kiti kilikuwa changu.