Mama Alipoipika Bahari

Kaka yangu alitupeleka ufukoni Muanda, magharibi kabisa ya Kongo, akiwa na nia moja: mama aisahau Bunia, kwetu mashariki. Vita vilikuwa vimetutoa nyumbani kwa ndege ya mizigo, tumeketi juu ya magunia, na kwa kaka ndiko tulikofikia. Mama alikula vizuri, alilala vizuri, na kila asubuhi aliuliza ndege ya kurudi ni lini. Kaka akaona dawa ni bahari. Nani aione Atlantiki halafu atamani tena vumbi letu?

Mimi nilijua hatafaulu. Mama alikuwa amemwacha jirani yake, rafiki wa tangu usichana, ambaye kwa sababu ya mguu mbovu alikataa kukimbia. Siku ya kuagana, Bunia haikuwa na chumvi. Barabara zilifungwa, maharage tuliyameza kama dawa. Yule jirani alicheka tu, akasema, "Weye kimbia. Lakini ukirudi, uniletee chumvi." Tangu siku hiyo hatukujua kama yu hai.

Basi, Jumapili ile ufuko ulijaa watu wa mji, vijana wakicheza mpira, wachumba wakipigwa picha. Mama akashuka na beseni kichwani, limejaa nguo zetu chafu. Kule kwetu, ziwani Kasenyi, watu hufua, huoga na kuchota maji ya kupikia palepale. Aliambiwa tunakwenda majini, naye akajiandaa. Kaka aliinamisha kichwa kwa aibu. Mimi nilijikaza nisicheke, nikashindwa.

Mama akapaka sabuni, akasugua. Povu hakuna. Akasugua tena kwa hasira, mpaka suruali nzuri ya kaka ikaanza kunata.

"Maji yote hii, na sabuni inakataa?"

"Mama, iko na chumvi," kaka akasema, karibu kulia.

Mama alichovya kidole, akaonja, akaonja tena. Akapakua kwenye sahani wali wote tuliokuja nao, akachukua sufuria tupu, akaijaza bahari, akaniagiza mawe matatu. Kuni zilizotupwa na mawimbi zilikuwa tele. Watu wakaacha kuogelea, wakaja kutazama.

Polisi naye akaja, akauliza kwa Kilingala hapa kunapikwa nini. Nikamtafsiria mama.

"Umuambie niko napika bahari," akajibu bila kugeuka.

Nikamwambia hivyohivyo, kwa furaha kubwa. Polisi akachungulia sufuria, akamtazama kaka kwa huruma, akaenda zake.

Tulichota na kuchemsha mpaka jua likaanza kushuka. Ndani ya sufuria ikabaki chumvi ya kijivu, kiasi cha kikombe kimoja, pamoja na mchanga wake. Mama akaifunga kwenye pembe ya kitenge, mafundo mawili. Hapo kaka akaelewa. Alimleta aone bahari ili asiondoke, na bahari ikampa mzigo wa kupeleka. Alinuna siku mbili, ya tatu akaenda kutafuta tiketi.

Bunia, tulikuta mlango wa jirani umefungwa. Mama alibisha mara moja, akakosa nguvu ya kubisha tena. Niliogopa kumtazama usoni. Ndipo tukasikia mguu ukiburutwa ndani, polepole, na komeo likivutwa.

Jirani hakutukumbatia. Alinyoosha kiganja tu. Mama akahangaika na yale mafundo, akammiminia. Jirani akalamba, akatema pembeni.

"Iko na muchanga."

Mama, ambaye hakutoa chozi hata siku tuliyokimbia, aliketi palepale kizingitini, akalia kwa sauti.