Mado Hakufanyiwa Matanga

Enzi zetu sinema haikukaa mfukoni. Ilikaa mtaani kwetu Nyakasanza, katika nyumba ya udongo yenye bati, madirisha yake yamezibwa kwa mablanketi ili mwanga usiingie. Ili kuifikia ulipaswa kuoga, kufagia kiwanja, kusikiliza misa mpaka baraka ya mwisho, kisha kukimbia. Ukichelewa ulikuta mbao za mbele zimejaa, ukakaa nyuma karibu na mlango, jenereta ikikungurumia sikioni na harufu ya petroli ikichanganyika na harufu ya mandazi. Mandazi yalikuwa ya Mama Faustin. Alikaa mlangoni kwenye kiti chake, karai la mafuta mbele yake, akituingiza mmoja mmoja huku akitukagua miguu. Mwenye matope alirudishwa kunawa, hata kama alikuwa ameshalipa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mwanawe wa kwanza. Sisi tulimwita Yaya Faustin, yaani kaka mkubwa, maana alitupita umri mbali. Kanda za video zilivuka Ziwa Albert kutoka Uganda, nazo zilisema Kiingereza, lugha ambayo mtaani kwetu hakuna aliyeijua ila yeye. Basi alipunguza sauti ya sinema, akashika mikro, kile kipaza sauti chake, akatufasiria. Kusema alifasiri ni kumpunja. Aliwapa watu wa sinema majina ya kwetu na hasira za kwetu, akawagombanisha juu ya zamu ya kuchota maji, akawafanya watutukane sisi tuliokaa nyuma. Mvua ikipiga bati kwa nguvu, mikro ikashindwa, alisimama mbele ya televisheni akatuonyesha kwa mikono. Hakuna mtoto aliyedai pesa yake kwa sababu ya mvua.

Sinema tuliyoipenda kupita zote aliiita Watu wa Jua la Pili. Jina lake la kizungu nimelisikia baadaye na sikulipenda. Ilikuwa habari ya watu ambao dunia yao imeungua, wanahama ndani ya meli kubwa ya angani wakitafuta mahali pa kulima. Rubani wao alikuwa mwanamke. Faustin alimpa jina la Mado. Nyuma ya Mado alitembea mtu wa chuma, Bwana Bati, mwenye kubeba mizigo na kulalamika. Sehemu ya kwanza ikaja, na ya pili, na ya tatu, na kati ya moja na nyingine tulikua, tukabadilisha viatu, tukapanda darasa.

Tuliposubiri, tulicheza. Nyuma ya parokia palikuwa na lori bovu lililobaki chuma tupu, na hilo ndilo lilikuwa meli yetu. Kofia zetu zilikuwa madebe ya mafuta yaliyotobolewa macho, na ukilivaa debe lako saa sita mchana ulijua kweli maana ya kuungua. Solange, mdogo wake Faustin, alikuwa Mado kila siku, na aliyetaka kumpokonya usukani aling'atwa. Mimi nilikuwa Bwana Bati kwa sababu nilikuwa mrefu na mkavu. Mama yangu alipita akitoka shambani na kikapu cha muhogo, akatikisa kichwa. "Weye unaenda ku nyota na hata mbuzi hujafunga?" Nilishuka angani, nikafunga mbuzi, nikarudi angani. Watoto wa leo ukiwatuma chumvi wanakuambia ngoja kwanza chaji ifike mia moja.

Lakini raha kuu haikuwa sinema yenyewe. Ilikuwa Jumapili zisizo na kanda mpya. Faustin alifungua nyumba bure, akamsimamisha kila mtoto mbele ya televisheni iliyozimwa, akampa mikro na kumuuliza sehemu ijayo itakuwaje. Sheria yake ilikuwa moja, naye aliitangaza kama katekista. "Hapa hakuna sijui. Mwenye kusema sijui, anatoka inje." Ulipaswa kusema jambo na kulisimamia, na wenzako wakurushie maswali mpaka jasho likutoke. Mama Faustin alisikiliza kutoka mlangoni, na aliyesema vizuri alipewa andazi. Ndiyo maana mpaka leo ukimkuta mtu wa rika letu ofisini au sokoni, anajibu haraka na kwa sauti. Wengine wanasema ni majivuno. Ni shule ya Yaya Faustin.

Kisha ikaja sehemu ya nne. Mwishoni meli kubwa inavutwa na jua, watu wanalia, watoto wanashikwa mikono. Mado anachukua meli ndogo, anajifunga mkanda, anaingia nayo ndani ya lile jua ili kubwa ipone. Televisheni ikawa nyeupe yote. Halafu akaonekana Bwana Bati amesimama mlangoni anaangalia nje, na sinema ikaisha. Hata Faustin alisahau kuzima jenereta.

Jumapili iliyofuata nilikuwa wa kwanza kusimama. Nilisema Mado amekufa, tumtafute rubani mwingine. Solange akaruka kutoka ubao wa mbele.

"Wapi matanga? Mutu kama Mado anakufa na hakuna mwenye kukaa chini? Hakuna hata mama mumoja mwenye kufunga kitenge ku kiuno na kulia? Bwana Bati iko ku mulango. Mwenye kusimama ku mulango halilii mutu, anamungojea."

Nyumba ikapiga makofi. Nilikasirika, maana nilikuwa sahihi. "Samaki ya Tchomia inakauka na hili jua moja lenye iko mbali kule juu," nikasema. "Mado ameingia ndani yake! Hata majivu haikubaki." Nao wakanipigia makofi mimi pia, kwani ukweli wangu ulikuwa mkavu kama yule samaki.

Faustin alicheka mpaka akaketi. Akatuita mbele, akatuunganisha vidole vidogo, akatuwekea sharti. Atakayeshindwa atamchotea maji mama wa mwenzake kiangazi chote, kutoka chemchemi ya Nyamukau mpaka nyumbani, bidoni, lile dumu la plastiki, kichwani, watu wote wakiona. Mama Faustin alisema yeye yuko tayari, pipa lake ni kubwa. "Sasa naenda kutafuta ya tano," Faustin akasema. "Mulinde mbao yangu." Siku chache baadaye alipanda lori la wachuuzi wa samaki lililoteremka Tchomia ziwani, akatupungia mkono akiwa juu ya magunia. Huko angepanda mtumbwi wa injini avuke.

Halafu mji ukaharibika kwa vita. Sitasimulia. Wenye umri wangu wanajua, na wasiojua wamshukuru Mungu. Barabara ya ziwani ikafungwa, na sisi tukakimbia upande mwingine, familia yetu na ya Solange pamoja, magodoro kichwani. Tulipita Irumu kwa miguu tukibishana, yeye na mimi, kuhusu sehemu ya tano. Mama zetu hawakutunyamazisha. Nadhani mabishano yetu yaliwafaa kuliko kimya.

Tuliporudi, nyumba ya video haikuwa na bati wala mablanketi. Ubao mmoja ulibaki, Mama Faustin akaubeba kwake. Faustin hakuwa amerudi. Mmoja alisema mtumbwi ulizama. Mwingine aliapa alimwona ng'ambo akiuza sabuni. Wazee wa familia walikuja kumshauri yule mama amfanyie mwanawe matanga, apumzike. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawamiminia chai. "Mwenye alimuona ndani ya maji aseme, nitalia naye. Kama hakuna, munywe chai." Wakanywa. Kwetu mama anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo kila siku, sokoni, kanisani, kisimani, watu wanamwita yule mama kwa jina la Faustin, naye anaitika.

Miaka ikaenda. Sehemu ya tano ikafika katika diski, nikaitazama nimeshika roho mkononi. Waliotengeneza walikuwa wameruka mbele miaka mingi, wajukuu watupu, Mado hatajwi. Ya sita ikarudi nyuma kwa mababu. Ya saba sijui ilikuwa ya nini, na hapa Faustin angenitoa nje. Solange aliolewa Kisangani. Mimi nikawa prof, mwalimu wa fizikia sekondari, na nikiwa mkweli niliichagua fizikia ili nimshinde Solange. Kila mwaka nikifundisha habari za joto namsikia akiuliza wapi matanga.

Leo tuko wote katika grupu ya WhatsApp inayoitwa Mbao ya Mbele. Mwaka huu uvumi ulitoka kwamba wenye sinema ile hawajui waendelee au waifunge, na grupu ikawaka. Mmoja anayeuza samaki Mahagi-Port aliandika, "Waiache ikufe na heshima. Imekuwa maharagi ya juzi, kila siku wanapasha." Mwingine alitaka Bwana Bati apewe meli. Vijana wetu, tuliowaingiza kwa huruma, walitaka sura mpya na mapigano mengi. Binti yangu Gloire alitazama sehemu ya nne kwenye simu yake, amelala, akiirukisha mbele kwa kidole, akaniambia meli yetu tukufu inaonekana kama katoni ya sabuni. Nilimjibu kwamba sisi tulikuwa na lori bovu na tukafika mbali kuliko wao. Solange alituma sauti fupi. "Haiwezi kuisha. Kuko mutu hajarudi." Nami nikaandika ujumbe mrefu wenye hesabu, nikithibitisha mara nyingine kwamba hakuna wa kurudi. Sikuwahi kuwa na uhakika kama ule.

Wiki mbili hazikupita, wakatoa kionjo cha sinema mpya. Ni kifupi, ukikohoa kinakupita. Meli ndogo imekaa katika majani marefu, imeliwa na kutu. Mlango unafunguka. Anatoka mwanamke mzee, nywele nyeupe kabisa, anafungua mkanda ule ule. Mlangoni mwa nyumba iliyo mbali, mtu wa chuma anageuza kichwa.

Grupu haikulala. Watu wazima wenye vyeo, mmoja ana wajukuu, wakatuma sauti za vilio na vigelegele. Nilijaribu kusema labda ni ndoto. Solange akanipigia mwenyewe.

"Prof. Bidoni iko wapi?"

Jumamosi nilitoa bidoni ya njano. Kichwa changu hakibebi tena, nikaifunga kwenye baiskeli, nikateremka chemchemini, Gloire akinifuata na simu ili wa Mbao ya Mbele waone. Kupanda kile kilima nikisukuma, jirani mmoja aliniuliza kwa huruma, "Prof, mama Gloire iko mugonjwa?" Nikamwambia hapana, Mado amerudi. Alinitazama kama ninayeumwa ni mimi. Wanafunzi wangu walisimama kando ya barabara wakashika midomo. Nilijua Jumatatu darasa lingekuwa na kelele.

Mama Faustin amezeeka lakini macho yake ni yale yale. Alikuwa amekaa kwenye ule ubao, mlangoni pake. Aliniangalia miguu kwanza.

"Solange aliniambia," akasema. "Mwenye aliingia mu jua amerudi?"

"Amerudi, mama. Amezeeka, lakini ni yeye."

"Nilisemaka. Hamukumufanyia matanga." Akacheka na meno yake machache, akanionyesha pipa. Nilipoanza kumimina alinyanyua mkono. "Usimalize yote. Acha kidogo mu ile jagi, hapa ku mulango. Mwenye kutoka mbali anakuja na kiu."

Nikaacha. Jagi lilikuwa safi, limefunikwa sahani. Halikuwekwa pale siku ile tu. Nikafunga kifuniko cha bidoni, nikakifunga tena.

Njiani kurudi Gloire hakupiga picha tena. Watoto wa leo swali halikai nao. Wanabonyeza, linajibiwa, wanasahau jibu na swali. Sisi tulikaa na swali mpaka likawa ndugu wa nyumbani, tukakimbia nalo, tukalala nalo njaa, tukarudi nalo. Sisemi ilikuwa bora. Tulikosa mengi ambayo hawa wanayo, na mengine namwomba Mungu wasiyajue kamwe. Lakini nawaonea huruma kidogo, maana hawajawahi kusimama mbele ya televisheni iliyozimwa, mikro mkononi, wakaambiwa waseme kitakachokuja.

"Papa," Gloire akasema, "huyu Yaya Faustin, kweli atarudi?"

Simu ilikuwa mkononi mwake, haikuwa na la kumsaidia. Mimi ni prof wa fizikia. Neno lilifika mpaka ulimini, lile neno lililotufanya tutolewe nje.

"Atarudi," nikamwambia. "Na Jumamosi ijayo tutabeba bidoni mbili."