Tiketi Iliyopakwa Uji

Ninyi vijana mnaoshinda na simu mkiulizana namba gani itatoka, kaeni chini. Hata mimi nimeishi na bingwa wa kutafuta bahati. Ni babu yenu.

Parokia ilitaka kuezeka upya kanisa, ikauza tiketi za bahati nasibu. Zawadi ilikuwa mashine ya mkono ya kumenyea kahawa. Kwetu huku Matiri hiyo si zawadi ya mchezo. Sisi hatukuwa nayo. Tulimenya kwa jirani, akishamaliza yeye na wakishamaliza wakwe zake. Zamu yetu ikifika, kahawa imeshachacha kwenye magunia, mnunuzi anainusa na kugeuza uso. Babu yenu aliitaka ile mashine kuliko alivyonitaka mimi. Nilikuwepo mara zote mbili, najua.

Akanunua tiketi moja. Nikamwambia, "Mzee, ongeza nyingine." Akasema wanaoongeza tiketi ni wale waliopungukiwa akili.

Akili yake ilitoka kwenye kahawa. Mnajua tukiimwaga majini, mbovu huelea, nzuri huzama. "Mtoto atakayechagua atatia mkono hadi chini," akanieleza. "Tiketi yangu lazima izame." Akachukua uji uliolala, akapaka karatasi, akakunja, akapaka tena, akaianika juani. Ikawa ngumu kama kisigino chake. Jumapili akaitumbukiza kwenye ndoo ya parokia, akarudi kwenye benchi kama mtu aliyekwisha kushinda.

Siku hiyo wifi yangu, dada yake mdogo aliyeolewa kule ziwani Lituhi, alikuwa amepanda kutuletea usipa, wale dagaa wa ziwani. Naye akanunua tiketi, akaandika jina, akaitupa ndani. Kaka yake akamcheka.

"Wewe mtu wa samaki, ukishinda utamenya nini? Usipa?"

"Nitamenya maneno yako, kaka."

Misa ilipokwisha, mtoto wa kwaya akatia mkono hadi chini kabisa, kama mzee alivyosema. Akatoka na donge. Uji haukuwa umekauka kwa ndani, ukagandamana na tiketi ya mtu mwingine. Padri akabandua kwa kucha. Ya kwanza ilikuwa uji mtupu, wino umeyeyuka, jina halisomeki. Ya pili ilisomeka vizuri. Ilikuwa ya wifi.

Nyumbani wifi akaikalia mashine kama kigoda.

"Nitashuka nayo ziwani," akasema. "Mume wangu hana nanga ya mtumbwi."

Mzee akasukuma sahani ya ugali. Hajawahi kusukuma ugali tangu nimjue.

"Wifi, mwache," nikasema. "Akifa leo, mimi sina nguo nyeusi."

Wifi akacheka mpaka akajifuta macho. "Haya, ibaki hapa. Lakini kaka, mwenye mashine ni mimi, wewe ni dereva. Na kila mavuno, kodi yangu ni mahindi, yashuke ziwani kabla hujauza hata debe."

"Yatashuka," mzee akasema, na ule ugali akauvuta tena.

Kahawa yetu haijachacha tangu siku hiyo. Sasa mkiniuliza namna ya kushinda, nawaambia: nunueni tiketi ambayo ikipotea hamtalala njaa, andikeni jina lisomeke, kisha muiache karatasi iwe karatasi. Zaidi ya hapo sijui, na anayewaambia anajua, muulizeni kwa nini bado anauza maneno.

Jioni ile wifi aliposhuka ziwani niliita nyumba nzima, mzee akiwemo. Nikasema: jirani yeyote asiye na mashine akileta kahawa, imenyeni siku hiyohiyo, anayezungusha mkono wa mashine ni mzee, na nitakayemkuta na uji karibu na karatasi, huo uji ndio chakula chake cha usiku, pamoja na karatasi yake.