Chupa Kumi na Mbili za Widad

Widad aliporudi Beirut kutoka kwenye msiba wa dada yake, aliingia jikoni akaona rafu inang'aa. Chupa zake zote zilikuwa zimepangwa upya.

"Mama Nabil!" alimwita jirani. "Nani kagusa chupa zangu?"

"Mimi, mpenzi. Nilisema urudi ukute nyumba safi. Jamu na jamu, zeituni na zeituni. Zilikuwa shaghalabaghala, utadhani duka limevamiwa!"

Widad alimshukuru. Jirani aliyekusafishia nyumba wakati wa msiba huwezi kumkemea. Alipoondoka tu, Widad akaketi sakafuni.

Benki ilipozuia akiba za watu, kiinua mgongo cha marehemu mumewe, alichokiweka mwenyewe, kilibaki ndani. Meneja mwenye tai alimpa kahawa, akamwambia, "Fedha yako ipo, mama, ila haitoki." Tangu siku hiyo, alichopata kwa kupika kwenye harusi za watu alikigeuza sarafu ya mtandaoni, isiyo na meneja wala mlango wa kufungiwa. Ufunguo wake ulikuwa maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Widad hakujua kusoma wala kuandika. Alikariri sauti, akaipa kila chupa ya akiba ya majira ya baridi neno lake. Zilivyofuatana rafuni, ndivyo maneno yalivyofuatana. Na sasa simu iliyokuwa na sarafu zake ilikuwa imevunjikia msibani. Bila maneno hayo, kwa mpangilio wake, simu mpya haifungui kitu.

Bintiye Rawan alishika simu mpya. "Kwa nini hukuandika?"

"Niandike kwa nini, kwa pua?"

"Basi ungeniambia mimi!"

"Baba yako naye alimwamini mtu. Mtu mwenye tai."

Widad akashusha chupa zote, akainama hadi shavu likagusa mbao. Mama Nabil alisugua sana, lakini mafuta ya biringanya na zeituni yalikuwa yamezama mbaoni, yakaacha alama. Duara kubwa, duara dogo, moja lenye pembe. Chupa zilikuwa za kuokoteza, kila moja na kitako chake. Akazirudisha moja moja juu ya alama zake, akitamka neno la kila chupa, Rawan akiliandika.

Zikabaki mbili, pacha, zote zilizowahi kuwa za maziwa ya unga, vitako sawa.

"Jaribu hii kwanza," alisema.

Rawan akabonyeza. Simu ikakataa.

"Mama..."

"Zibadilishe. Usiniangalie, bonyeza!"

Kiduara cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka, kisha tarakimu zikatokea. Rawan akalia. Widad hakulia, alishikilia ukingo wa rafu mpaka vidole vikafa ganzi.

Mlango ukagongwa. "Widad, mpenzi," Mama Nabil alicheka, "mgongo wangu umekatika kwa kusugua. Hata chupa moja ya biringanya sistahili?"

Rawan alimtazama mama yake. Mgeni akiomba chupa, hanyimwi.

Widad alishusha ya tatu, akamimina biringanya zote na mafuta yake kwenye bakuli, akaifuta chupa tupu kwa aproni na kuirudisha juu ya duara lake.

"Kula kwa afya," alisema. "Bakuli utanirudishia. Chupa haitoki."