Daftari la Dani Lililouzwa Otonglo

Kuna siku moja siwezi kuisahau, mwanangu, hata nikitaka. Nilikuwa nimesimama katika ofisi ya naibu mwalimu mkuu wa shule yako, mkononi nina kurasa tatu zilizolowa mafuta ya njugu. Yule mama akaniangalia kama mtu aliyekuja kuomba kazi ya jikoni. Akasema, "Mama Akinyi, kwani shida ni nini? Hizi ni karatasi tu. Kama zilikuwa na maana, mbona hukuziweka kwako nyumbani?"

Hapo ndipo subira iliponiishia. Sikupiga kelele. Nilivuta kiti, nikaketi bila kukaribishwa, nikamwambia, "Madam, nipe karatasi safi na kalamu."

Wewe ulikuwa mlangoni na sare yako, unaangalia viatu. Najua ulikuwa unaona aibu. Lakini hasira yangu siku hiyo haikuwa juu ya yule mama peke yake. Nusu yake ilikuwa juu yangu mwenyewe, na hiyo ndiyo nataka uisikie leo, wewe na wenzako wa rika lako.

Nilipokuwa kidato cha tatu tulikaa Ahero, karibu na mashamba ya mpunga. Mama yangu, dani yako, alikuwa na daftari la shule lenye jalada la buluu. Ndani yake aliandika kwa Kidholuo mambo ya mafuriko yaliyokuja mimi nikiwa bado wa kubebwa mgongoni: nyumba ya nani ilianguka, nani alimpokea nani, ng'ombe wa nani alikutwa amekufa mferejini. Katikati, ukurasa mzima, alimwandika ndugu yangu mdogo, aliyezaliwa katika mvua hiyo na akafa kabla maji hayajashuka. Hakupata cheti cha kuzaliwa wala cha kifo. Hata kaburi lake halikudumu, maji ya mwaka mwingine yalilisawazisha.

Jumapili moja tukitoka kanisani, mama alilifungua akaniambia, "Njoo nikusomee, uyajue."

Mimi nilikuwa na kitabu changu cha historia, najiandaa kwa mtihani. Nikacheka. "Mama, hayo si historia. Hayatatoka kwenye mtihani."

Hakunigombeza. Alifunga daftari akasema, "Sawa, msomi. Siku utakayolitaka, mimi nitakuwa nimenyamaza." Akarudi kupepeta mchele wake.

Alinyamaza kweli, wewe ukiwa hujaanza shule. Tulipogawana vitu vyake dada yangu alichukua sufuria na leso, mimi nikachukua daftari. Nikaliweka chini ya nguo hapa nyumbani Kaloleni. Nililifungua mara moja kwenye ukurasa wa mtoto, nikalia, nikalifunga kabla sijafika kwenye jina. Nilijiambia nitalisoma vizuri nikipata nafasi. Nani hupata nafasi, mwanangu, na mtoto mkononi na nguo za mitumba za kupiga pasi kabla soko halijafunguliwa?

Halafu akaja Mwalimu Odhiambo, yule kijana mwembamba wa historia. Unakumbuka ulivyoingia jioni ile nikikaanga samaki, hata begi hujavua.

"Mama, leo tumesoma orodha ya mali ya tajiri mmoja wa Amerika aliyekufa zamani. Mwalimu alileta nakala ya karatasi yenyewe. Jembe, farasi, meza, halafu watu, watumwa wake. Mwanamke ameandikwa jina. Chini yake wameandika tu mtoto."

"Mtoto nani?"

"Sasa si hilo ndilo Mwalimu alituuliza. Mtoto nani? Tukainamia ile nakala tukitafuta jina. Hata Brian, yule mcheshi wetu."

Kazi aliyowapa ilikuwa kila mmoja alete karatasi iliyoandikwa na mtu wa kwao aliyeyaona mambo kwa macho yake. Ukaniomba daftari la dani. Ulisema, "Kwetu mtoto ana jina, Mama. Nataka wamwone."

Nilikupa. Simu ilikuwa hapo hapo karibu na jiko, ningeweza kupiga picha kila ukurasa kabla samaki hawajaiva. Sikupiga. Niligeuza samaki.

Mwalimu alifungia zile karatasi zote kabatini, zingojee siku ya wazazi. Akaitwa kwenye mafunzo wiki moja. Nyuma yake kukasikika kwamba wakaguzi wanakuja, naibu akaamuru makabati yasafishwe. Madaftari ya zamani yakafungwa kwa kamba na kuuzwa kwa wachuuzi, kama kila muhula, ya kufungia vitu. Daftari la dani linafanana na daftari jingine lolote. Nikuambie ukweli, hata mimi nimefungiwa mandazi kwa insha za watoto wa watu, nikasoma, nikacheka makosa yao, nikatupa.

Uliponiambia limeuzwa, nilienda sokoni Otonglo siku hiyo hiyo. Nilizunguka kwa akina mama mmoja mmoja nikiuliza daftari la buluu.

"Dada, yote ni ya buluu," mama mmoja wa njugu akanicheka.

"Langu limeandikwa Kidholuo."

Akaacha kucheka. "Ah, hilo. Nilisoma kidogo. Nikajiuliza, nani huyu ameniletea matanga ya kufungia njugu?" Akainua beseni, akatoa kurasa tatu zilizobaki. Nilizipekua. Nyumba zilizoanguka, ng'ombe, nyumba tena.

"Kulikuwa na ukurasa wa mtoto," nikamwambia.

"Ulikuwepo. Nilimfungia mteja jana. Sikumjua."

"Jina lake ulilisoma? Lote?"

Akafikiri sana, maskini. "Okoth nakumbuka. Lile lingine hapana, dada yangu. Nisamehe."

Unaelewa, mwanangu? Okoth si kitu. Kila mtoto wa kiume anayezaliwa mvua ikinyesha kwetu ni Okoth, wamejaa kutoka Ahero mpaka ziwani. Jina la kumtofautisha ni lile la pili, la mzee wa ukoo ambaye mtoto alipewa jina lake. Hilo mama alilijua na kuliandika, na ndilo alilotaka kunisomea Jumapili ile. Baba hayupo. Mkunga aliyemzalisha hayupo. Dada yangu alikuwa kwa shangazi wakati huo, hajui. Wewe na Mwalimu hamkulishika akilini. Nimeuliza kila mtu aliye hai.

Kwa hiyo nilipofika kwa naibu na kuambiwa ni karatasi tu, nilikuwa nimebeba mengi. Mwalimu Odhiambo alikuwa ndani pia, amerudi kutoka mafunzo, wamekwisha kumtayarishia barua ya kukiri kosa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Akinyi, andika jina langu. Mimi ndiye niliyeziomba." Nikamwambia, "Mwalimu, wewe ulifunga kabati. Sitafuti wa kubebeshwa lawama, namtafuta aliyelifungua."

Na wewe ukanishika mkono: "Mama, tafadhali usiandike. Wewe utaenda nyumbani, mimi nitabaki nao humu." Ulikuwa na haki ya kuogopa. Sijui mpaka leo kama nilikutendea mema, maana najua walivyokuangalia muhula mzima. Lakini mimi nilishawahi kunyamaza mbele ya daftari lile, na umeona nilichovuna.

Basi nakuambia wazi. Mzee wako akifungua mdomo, keti chini, mtihani utangoja. Akiandika, soma yeye akiwa hai, umuulize pale usipoelewa. Karatasi ya kwenu usiitoe nje kabla hujabaki na nakala, hata kwa mwalimu mzuri. Na ukidhulumiwa, andika, ugongewe muhuri, ubaki na yako. Mungu akupe masikio niliyokosa mimi. Akupe watoto watakaokuuliza, na umri wa kuwajibu.

Hii hapa nakala yangu ya barua niliyoiandika siku ile, imegongwa muhuri wa shule. Iweke pamoja na zile kurasa tatu.

*Kwa Bodi ya Shule,*

*Mimi ni mzazi wa Akinyi wa kidato cha pili. Nalalamika kwamba naibu mwalimu mkuu aliamuru kabati la Mwalimu Odhiambo lifunguliwe yeye akiwa hayupo, na daftari la marehemu mama yangu likauzwa kuwa karatasi ya kufungia njugu. Mwalimu hana kosa na asilazimishwe kutia sahihi barua yoyote. Naomba shule itangaze kwa wazazi na kwa wachuuzi wa Otonglo kwamba ukurasa mmoja unatafutwa. Naomba pia kitu cha mzazi kisiuzwe tena kabla mwenyewe hajaitwa.*

*Ukurasa huo ni wa mtoto. Aliitwa Okoth. Jina lake la pili nimeliachia nafasi hapa chini. Atakayelipata alijaze.*

*Okoth ……………………………*